Kisu Ndani ya Chanuo

Nilimwomba mume wangu kitu kimoja tu: anisindikize alfajiri mpaka barabara ya Kilwa. Sikuomba kitenge wala bangili. Kutoka pale Mtoni tulipopanga hadi linaposimama lori la kiwanda si mbali, ila katikati kuna bonde lenye mihogo mirefu kuliko mtu. Na mwaka ule wa njaa, tulipokuwa tunakula ule unga wa njano tuliouita yanga, wanawake wawili walishavamiwa humo. Mmoja alinyang'anywa khanga na chakula chake. Wa pili hakusema alichofanyiwa, na hakuna aliyemuuliza. Mie nilikuwa zamu ya asubuhi, kwenye mashine za kusokota uzi, na lori halimsubiri mtu.

Albano mume wangu ni Mmakonde, mchonga vinyago, na mkono wake siwezi kuusema vibaya hata leo. Lakini kuamka mapema, hapo ndipo palipokuwa na kazi. Jioni anasema, "Kesho nakusindikiza, Filomena," na anasema kwa moyo wote. Alfajiri ukimtikisa anajikunyata ndani ya shuka, anakoroma upya. Nikanuna. Nilinuna wiki nzima, chakula namwekea bila neno. Basi badala ya kuamka, bwana yule akanichongea dawa.

Dawa yenyewe ilikuwa chanuo. Chanuo la mpingo lenye meno marefu, na mpini wake mnene kidogo kachongwa mwanamke aliyefumba macho. Ukilitazama utasema pambo la kichwani. Lakini ukiweka ukucha penye shingo ya yule mwanamke ukavuta, kinatoka kisu chembamba kilichokunjwa mle ndani, kinazunguka kwenye ribiti, kile kipini cha chuma kinachokishika, na kusimama wima, urefu wa kidole cha kati. Albano kazi ya chuma haiwezi. Kisu kilikatwa kwenye msumeno uliochakaa, na aliyekinoa na kukipiga ribiti alikuwa Kasiani, fundi baiskeli, jirani yetu wa nyumba ya pili.

"Unalichomeka kwenye nywele," Albano aliniambia. "Mtu akikushika, unajifanya unajikuna kichwa."

Alikuwa amelipaka mafuta na kulisugua mpaka mpingo unang'aa, unaweza kujitazama uso. Ndivyo alivyosugua vinyago vyake vya kuwauzia Wazungu mjini, na mkono wake haukujua namna nyingine ya kumaliza kazi.

"Sasa na wewe utakuwa unalala?" nikamwuliza.

Akacheka. Alifikiri ni mzaha.

Angalau angenyamaza nalo. Lakini Albano na sifa, utamtenganisha wapi? Jioni ileile alilipeleka kwenye kahawa, kibarazani kwa Mzee Mwinshehe, balozi wetu wa nyumba kumi, akawa analifungua na kulifunga mbele ya wanaume. "Mwoneni mama huyu, amelala. Haya, sasa ameamka." Wakalipokezana, kila mmoja akajaribu kwa ukucha wake. Nilipopita na ndoo ya maji wakanipigia makofi, wakaniita askari. Kitu kilichotakiwa kisijulikane na kiumbe kilishapita mikononi mwa mtaa mzima. Nililichukua nikalichomeka kichwani, ningefanyaje.

Sasa huyu Kasiani. Kasiani ni Mngoni wa Songea, na mie ni Mmwera wa Nyangao. Wangoni na Wamwera ni watani, tangu babu zao walipokuwa wanakuja kuwateka babu zetu. Mtani ana ruhusa zake. Atakutania mbele ya mkweo, atakupokonya sahani unakula, msibani kwako atajilaza kwenye kitanda cha marehemu na kugoma kuondoka mpaka apewe chochote. Na wewe ukikasirika, wewe ndiye mbaya. Kasiani aliniita mateka wake. Nikipita kibandani kwake, atapaza sauti: "Mateka wangu, mbona umekonda, nani anakulisha?" Namjibu, "Mwizi wa kuku wewe, babu yako alikimbia akaacha ngao." Watu wanacheka. Na mie nilicheka, kwa nini nisicheke? Utani tumeukuta, na kule kwetu mtu asiye na mtani anaonewa huruma.

Asubuhi yenyewe mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza. Nilimtikisa Albano. Akasema bila kufungua macho, "Si una chanuo?" Nikajifunga khanga nikatoka.

Nilikuwa katikati ya mihogo mtu aliponijia kwa nyuma. Mkono mmoja mdomoni kwangu, wa pili chini ya khanga. Hakusema neno. Alinivuta pembeni ya njia, kwa nguvu, kama unavyomvuta mbuzi asiyetaka kamba. Nikapeleka mkono kichwani, nikachomoa chanuo, ukucha shingoni, kisu kikasimama. Nikakipeleka nyuma kumchoma, kwa kubahatisha. Yule mtu hakukimbia. Hakukwepa hata. Aliutoa mkono mdomoni kwangu, akakipiga kisu kwa kiganja, upande wa mgongo usio na makali, pale hasa panapostahili, na kisu kikarudi kujikunja. Mpini ulikuwa umeshateleza kwa yale mafuta, kiganja changu kimesogea mbele, na vidole vyangu viko ndani ya njia ya kisu.

Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. Wenzangu wa kiwandani walikuwa nyuma yangu kidogo kwenye njia, Adelina akiwa mbele yao, wakaja mbio. Ndipo mikono ikaniachia, na nikasikia kicheko.

"Mateka wangu," alisema Kasiani, "unaniogopa mpaka mie mtani wako? Nilikuwa naijaribu ribiti yangu."

Nataka nieleweke hapa, maana wengi hawakutaka kunielewa. Mtani anakupokonya kitu mbele ya watu. Bila watu, huo utani anamtania nani? Na mtani hakuzibi mdomo. Mdomo wako ndio anaoutaka, umjibu, watu wacheke. Mtu aliyekuziba mdomo kwenye mihogo alfajiri ana shughuli nyingine, na kila mwanamke wa Mtoni anaijua shughuli hiyo kwa jina.

Hospitali walinishona. Ngozi ilishika, lakini mishipa ya vidole vitatu vya mkono wa kulia haikushika. Vimebaki vimenyooka hivi, vinaelekeza mbele, havikunji. Na kazi ya uzi ni vidole. Uzi unakatika, unauwahi, unaufunga fundo mashine ikiwa inazunguka. Mie hata kifungo cha blauzi ilibidi nifungiwe. Msimamizi alinivumilia, akanipa ufagio, halafu akaniambia nipumzike nyumbani mpaka watakaponiita. Niliipenda ile kazi. Nilikuwa mtu kule, nina mashine zangu na wenzangu na nyimbo zetu ndani ya lori. Hawakuniita tena.

Nikapeleka shauri kwa Mzee Mwinshehe. Alikuwa mtu wa haki kwa kawaida yake, Mzaramo wa palepale, mpole, anasikiliza mpaka mwisho. Watu walijaa kibarazani. Kasiani alisimama kwa adabu, kofia mkononi.

"Shikamoo mzee. Ni kweli nilimshika, siwezi kukataa. Lakini mie na huyu ni watani, mtaa mzima ni shahidi. Na kile kisu nilikitengeneza mwenyewe, mzee, ningekiogopaje?"

Watu wakacheka. Mzee Mwinshehe akawanyamazisha, akanigeukia.

"Mwanangu, mlikuwa mkitaniana?"

"Tulikuwa tukitaniana, mzee, hadharani."

"Yeye akikuitaje?"

"Mateka."

"Na wewe ukimwitaje?"

"Mwizi wa kuku."

Wakacheka tena, na safari hii Adelina naye alitabasamu, hakujizuia. Nikaona shauri linanitoka mikononi. Nikasema kwa sauti ambayo wote waliisikia, "Mzee, mkono wake ulikuwa chini ya khanga yangu."

Wanaume wakatazama vikombe vyao vya kahawa. Mzee Mwinshehe alivuta tasbihi yake kidogo, kisha akafanya jambo ambalo kwa mila zote ni la haki. Akamgeukia mume wangu.

"Albano, mwenye mke ni wewe. Wewe unasemaje? Ukisema hili si la utani, mie nalipeleka mbele leo hii."

Nilisahau hata mkono unaouma. Nilichokuwa nakitaka siku zote hizo kilikuwa hicho, mtu huyu asimame na kutembea pembeni yangu hatua chache, na sasa hakutakiwa hata kuamka mapema. Alitakiwa neno moja tu, na ilikuwa mchana kweupe.

Albano alijikuna shingo. Alimtazama Kasiani, akanitazama, akatazama chini.

"Mzee, mie naona ilikuwa ajali," akasema. "Kisu kilikosa kizuizi. Kikishasimama, kilitakiwa kishikwe na kitu kisirudi. Hilo ni kosa letu sie mafundi."

Mafundi. Mke wake anasema mkono chini ya khanga, yeye anasema kizuizi. Mzee Mwinshehe alinitazama, nadhani alinionea huruma, lakini mdomo wake ulishafungwa na mwenye mke. Akaamua kwamba ya watani wamalizane watani, na Kasiani aniletee jogoo, kama desturi inavyotaka mtani akizidisha. Jogoo alikuja jioni, mkubwa, mwekundu. Albano alimchinja, akampika mwenyewe kwa kuwa mie siwezi kushika kisu, akamla. Aliniwekea paja. Lilikaa kwenye bakuli mpaka sisimizi wakalijia.

Mngefikiri baada ya hapo lile chanuo lingetupwa chooni. Weee. Habari ilienea mpaka Keko na Chang'ombe kwamba kuna chanuo lenye kisu, na kila aliyesimulia aliacha vidole vyangu akabakiza kisu. Wanawake wakaanza kuja. Wengine walikuwa wazazi wenye binti, wengine wauza samaki wanaotoka Kunduchi gizani. Siwalaumu, bonde kila mtu analo la kwake. Albano akawa anachonga kutwa, na Kasiani anakuja na nyundo yake ndogo, anakaa uani kwangu, kwenye kigoda changu. "Habari za asubuhi, mama," ananiambia. Lile jina la mateka aliliacha. Akawa na heshima sana.

Jumapili moja, tumetoka misa, Albano akaniletea chanuo jipya. Alilishika kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi.

"Jaribu hili, Filomena," akasema kwa upole. "Kasiani kaweka kijino hapa. Kisu kikisimama hakirudi, mpaka ubonyeze. Na mpini sijaupaka mafuta, nimeuacha na mikwaruzo yake. Wewe ndiye unayejua lile la kwanza lilipokosea."

Kasiani alikuwa amesimama nyuma yake, anafuta mikono kwa tambara, anasubiri kusikia mie, fundi wao mpya, nitasemaje.

Nililipokea kwa mkono wa kushoto. Nikaweka ukucha, nikavuta, kisu kikasimama na kijino kikalia. Nikaukandamiza mgongo wa kisu kwenye mwimo wa mlango, kwa uzito wangu wote. Hakikurudi.

"Unaona?" akasema Albano.

"Naona."

Nikampita. Nilimwendea Kasiani taratibu tu, bila haraka, nikaiweka ncha juu ya shati lake, chini ya mbavu. Sikusukuma. Niliiacha pale aisikie.

"Haya, mwizi wa kuku," nikamwambia, "ijaribu ribiti yako."

Tambara likamwanguka.

"Mbona hucheki, mtani wangu?"

Ndipo Albano alipoamka. Mtu niliyemtikisa alfajiri zote zile aliruka kutoka mlangoni, akajitupa katikati yetu, kifua chake kikaja mbele ya kisu mpaka ncha ikagusa kifungo cha shati lake la misa. Alitanua mikono yote miwili, miguu kaikita chini. "Filomena, unaua mtu," alisema, na hakusogea. Kumbe anaweza. Mume wangu anajua kusimama mbele ya mtu na kumkinga kwa mwili wake, tena anajua sana, na aliyekuwa nyuma yake ni Kasiani.

Nikabonyeza kijino. Kisu kikajikunja, nikalichomeka chanuo kichwani mwangu.

"Mmetengeneza vizuri," nikamwambia Albano. "Hili ni la mwanamke asiye na mume. Nalichukua mie."