Tairi Lililolika Pembeni

Mume anaweza kumdanganya mama yake, bosi wake na hata daktari, lakini asijaribu kumdanganya mke anayeziba pancha. Nimekaa na matairi miaka kumi na minne. Nikilizungusha tairi mara moja tu nakuambia mwenye nalo anabeba mzigo gani, anafunga breki vipi, na kama anajaza upepo kwa wakati au anasubiri mpaka rimu iguse chini.

Sasa Jumapili moja asubuhi niliinamia pikipiki ya mume wangu pale uani nimkazie mnyororo. Nilichokiona kilinikalisha chini. Tairi la nyuma lilikuwa limelika pembeni, kushoto zaidi kuliko kulia, mpaka mistari ya ukingoni imekuwa laini. Katikati mistari ilikuwa bado mizima.

Mume wangu anasoma mita za maji. Siku tano za wiki anatoka geti hili anaingia lile, mwendo wa kobe. Jumamosi, kwa miezi mitatu mfululizo, alikuwa anakwenda kumwona baba yake mdogo, mgonjwa wa mgongo. Barabara ya kwenda huko haina kona hata moja, na barabara iliyonyooka hula tairi katikati. Pembeni huliwa na kona, tena kona za kulaza pikipiki chini hasa. Kona hizo alikuwa anazipata wapi, na alikuwa anazipita kwenda kwa nani?

Nisingeumia hivyo kama kona zisingekuwa ndizo zilizoniharibia mwili. Miaka mitatu nyuma alinipakia, tukafika kwenye kona ya kulia karibu na machimbo ya mawe, tukaanguka. Mguu wangu ulivunjika mara mbili na ulipounga ulikuwa mfupi, ndiyo maana natembea nikiyumba. Yeye alichubuka kiwiko. Akasema nilijitikisa nyuma yake katikati ya kona. Mama mkwe akalidaka neno hilo, na kila akija kula kwangu lazima aliseme: "Mzigo ukihama, chombo hupinduka." Nikaamini. Mimi fundi, najua mzigo unaohama unavyolifanya gurudumu. Nilimwomba mume wangu msamaha nikiwa kitandani hospitali, mguu umening'inizwa juu. Akanisamehe. Tangu hapo sijapanda pikipiki, na yeye hajaniambia panda.

Jumatatu nikamweleza fundi cherehani wa kibanda cha jirani. Huyo ukimpa sindano anakurudishia shuka zima.

"Mwanamke huyo," akasema hata kabla sijamaliza. "Tena anakaa mlimani. Kona zote hizo za nini kama si mlimani?"

"Usinipandishe presha."

"Presha unayo tayari, mwenzangu. Mpigie huyo mgonjwa."

Nikampigia baba mdogo. Nikamwamkia, nikamuuliza mgongo unaendeleaje.

"Mgongo gani, mwanangu? Nimeshuka kwenye ngazi sasa hivi, napaka rangi dari. Huyo mumeo mwambie hata salamu tu alete. Mwaka huu simjui sura."

Fundi cherehani alikuwa ameinama kusikiliza, pini mdomoni. Akazitoa moja moja akaziweka mezani. "Njia ya mwongo fupi," akasema.

Alhamisi jioni simu ya mume wangu ililia akiwa anaoga. Nikapokea, nikanyamaza. Sauti ya mwanamke, kavu, ya mtu aliyezoea kutiiwa: "Jumamosi njoo mapema, kabla ya watu kujaa. Na uvae suruali nene, magoti yasichubuke." Akakata. Nilisimama pale na simu. Mume wangu akatoka bafuni akijifuta masikio. Akaniuliza kama chakula kiko tayari. Nikampakulia. Usiku huo nilikunja nguo zangu nikazitia begi, nikaamua: nikimkuta naye, sirudi nyumbani ila kuchukua kompresa yangu ya kujazia upepo.

Jumamosi tulikodi teksi, mimi na fundi cherehani, maana alisema hawezi kukosa. Tukamfuata kwa mbali. Hakwenda mlimani. Aliingia nyuma ya maghala, kwenye uwanja mkubwa wa lami uliopangwa koni za plastiki na kuzungushiwa kuta za matairi makuukuu. Tukashuka, tukachungulia kwenye uzio wa waya.

Mwanamke alikuwepo. Mrefu, mvi mbili tatu, suti ya ngozi imembana kuanzia shingoni. Mume wangu alikuwa juu ya pikipiki, kofia ngumu kapakata. Mwanamke akamwekea mkono begani. Halafu akamshika kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza taratibu.

"Mama wee, kidevu!" fundi cherehani akanong'ona, akashika waya kwa mikono yote.

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye komeo la geti. Ndipo mume wangu akavaa kofia, akaondoka. Mwanamke alibaki akipiga kelele: "Tazama unakotaka kutokea! Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake!" Nikaelewa kidevu kilishikwa kwa ajili gani. Lilikuwa somo la kuendesha. Nilitaka kucheka, machozi yakawa karibu zaidi.

Alipita kona za kushoto vizuri, kalala na pikipiki yake mpaka goti linakaribia lami. Sikuwahi kumwona hivyo. Kisha ikaja ya kulia. Nikaona kichwa kinageukia ukuta wa matairi ulio nje ya kona, bega linakakamaa, mkono wa kulia unabana breki. Pua ya pikipiki ikazama, pikipiki ikanyanyuka ikasimama wima, ikaacha kona, ikaenda moja kwa moja mpaka ukutani.

Mwili wangu ulitambua kabla ya akili. Kule machimboni kiti kilininyanyukia hivyohivyo. Pikipiki ilisimama kwanza, ndipo tukatoka nje ya barabara. Mimi nilikuwa nimemshika kiuno, nimetulia tuli.

Nikafungua geti, nikaenda nikiyumba. Mwalimu, yule mwanamke, alikuwa amefika kabla yangu, anafoka: "Kona ileile! Unaukodolea macho ukuta, halafu unashika breki katikati. Miezi mitatu nakuambia, pikipiki hufuata macho!" Akaniona, akautazama mguu wangu. Akasogea kando bila kuambiwa.

Mume wangu alikuwa amekaa juu ya matairi, mzima, jasho linamtoka.

"Nani alikuwa nyuma yako sasa hivi?" nikamuuliza.

"Hakuna mtu."

"Nani kajitikisa?"

Akainama akatazama glavu zake.

"Umejua tangu lini?"

"Mwalimu alinieleza siku ya kwanza," akasema. Akatikisa kichwa. "Hapana. Nilijua siku ileile. Mkono wangu ulijua. Nilitaka niiweze kwanza kona hii, ndipo nikuambie."

Nakiri, bora ningemkuta na mwanamke. Mwanamke angekuwa ameniibia Jumamosi za miezi mitatu. Huyu alikaa mezani kwangu miaka mitatu, anasikia mama yake akinitwika mzigo wa mguu wangu mwenyewe, anaomba aongezewe mchuzi.

Nikatoa simu nikampigia mama mkwe, nikaweka sauti ya juu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mguu vipi?"

"Mwanao yuko hapa, mama. Ana neno juu ya huo mguu."

Nikamnyooshea mume wangu simu. Alinitazama kama anayeomba siku nyingine. Sikushusha mkono. Akavua glavu, akaishika simu.

"Mama," akasema.

"Nakusikia. Kuna nini?"

"Hakujitikisa, mama. Ni mimi. Nilishika breki."