Nimekuwacha, Nenda Salama

...na sasa Hussam ameita tena, "Raihana!", na ulimi wake Raihana ukanyanyuka wenyewe kwa mazoea kutaka kusema abee, ukagonga meno ukarudi chini, maana abee ni ya mke kwa mumewe, na yeye tangu asubuhi hajui kama bado ni mke wa mtu au ni mgeni aliyechelewa kufunga sanduku, kwa hivyo akazidi kufumba macho, mgongo umeegemea kitanda, miguu imekunjwa juu ya mkeka, nyaya za simu zimo masikioni, na humo masikioni Cheryl, mwalimu wa programu ya utulivu, akaendelea kwa sauti yake laini ya bara, sauti ya mtu ambaye hajaunguza wali hata siku moja, vuta pumzi kwa pua, polepole, ijaze tumbo, akavuta, ikafika kifuani ikagoma, tumbo la kujazwa liko wapi na tumbo zima limejaa maneno ya Hussam, achilia, akaachilia, ikatoka vipande vipande... wazo likija, Cheryl akasema, litazame tu kisha uliwache lipite, litazame! wazo lenyewe limekuja limekaa kitako, limeomba na mto wa kuegemea, kila akifumba macho ni asubuhi ile ile, amesimama mlangoni hapa na sinia la mahamri na mbaazi, ameusukuma mlango kwa goti, Hussam ameketi ukingoni mwa kitanda amempa mgongo, ametoka kuoga, taulo limemfunika kichwa mpaka masikio, uso dirishani, mikono magotini, na akamsikia, wallahi alimsikia, kwa sauti ya chini ya mtu anayejizoeza jambo zito: nimekuwacha... nimekuwacha... nimekuwacha, nenda salama. Mara tatu. Na chumbani hakuna mtu. Alirudi kinyumenyume na sinia lake, akalitua jikoni, akafungua mfereji ili pawe na kelele, na kwenye kelele hiyo ndiyo akalia, mtu huzungumza na dirisha? mtu hutaliki dirisha? alikuwa anajizoeza, basi, kama alivyojizoeza maneno ya kusema kwenye harusi ya Shaza dada yake, siku nzima anawahutubia kuku, na ile nenda salama ndiyo iliyomkata maini, talaka yenye adabu zake, ndivyo walivyo watu wa nyumba ile, hata wakikufukuza watakusindikiza kwa dua... rudisha akili kwenye pumzi, akairudisha, ikamponyoka, je talaka ya kujizoeza huanguka? marehemu baba akisema talaka haina mzaha, mdomo ukiteleza umeteleza, na kama imeanguka ni moja au ni zote tatu, na kama ni zote tatu basi eda imeanza tangu asubuhi, na yeye mchana amemtilia chai, amemkalia mbele bila mtandio, astaghfirullah, amemtilia chai mwanamume wa kando...

"Raihana, wanisikia? Hebu toka, n'na neno nataka kukwambia, lakini usi..." na hapo Cheryl akaongeza sauti yake juu ya ile ya Hussam, legeza mabega, legeza taya, neno lililobaki likazama, usi nini? usilie? usipige kelele majirani wa Magogoni wakasikia? Neno. Si alilijua, mazoezi yamekwisha, sasa ni siku ya mtihani, na Shaza alimwambia jana tu, alipokuja akanong'ona na kaka yake barazani kisha akanywa maji akaenda zake, mwanamume akinyamaza hivyo, wifi yangu, ana neno tumboni, na kweli Hussam amenyamaza, amenyamaza tangu siku ile alipopatwa na kizunguzungu kazini Changamwe, wakampeleka hospitali, daktari akasema presha, akasema punguza mawazo, kana kwamba mawazo ni chumvi, na ofisi nayo ikawatumia wafanyakazi wote programu hii kwenye simu, wao na jamaa zao, na Hussam akaicheka mpaka akakohoa, "Nifundishwe kuvuta pumzi? Kwani miaka yote hii nilikuwa navuta nini?", akamrushia yeye, fanya wewe, ndiwe mwenye mawazo, na hicho ndicho kicheko cha mwisho kusikika nyumba hii, tangu hapo ni kijiko na sahani, ni "sina neno", ni mgongo kitandani, na Raihana asiulize, kwa nini hakuuliza, aliogopa, ndiyo, aliogopa kwamba akiuliza atajibiwa... hisi miguu yako ilivyotulia ardhini, miguu iko Kongowea tayari, iko nyuma ya soko kwa mama, inakwepa mikokoteni, wabeba mizigo wanapiga kelele njia! njia!, na yeye katikati na sanduku, na wauza nyanya wote shingo zimegeuka, si binti wa Mapenzi huyo? kumbe karudi, na mama yake, Mapenzi, aliyemwonya tangu mwanzo kwamba wenye Mombasa yao wana masikio makali, watakusahihisha mpaka unavyopiga chafya, na kweli alimsahihisha, siku za uchumba alimsahihisha hata kwenye ujumbe wa simu, yeye ameandika anampenda sana, Hussam anajibu nami nakupenda lakini hapo kwenye mstari wa pili umechanganya, maana Hussam alilelewa na bibi yake, na bibi hakuwa akikupa kahawa mpaka useme neno lilivyo, akamcheka Raihana kwa Kiswahili chake cha sokoni, nusu cha Mijikenda nusu cha malori, na Raihana akakasirika, na akampenda zaidi, Mungu wangu, bado anampenda, ndiyo balaa lenyewe... sasa, Cheryl akasema, chagua kitu kimoja kinachokulemea. Kipe jina, kimyakimya, moyoni. Halafu kiambie kwa sauti, pamoja nami, mara tatu. Uko tayari? Nimekuwacha...

Macho yakafumbuka. Nimekuwacha, Cheryl akasema tena, bila haraka. Nimekuwacha, nenda salama. Akairudisha nyuma sauti hiyo kwa kidole, akasikiliza upya, ndiyo hayo, ndiyo hayo hayo, na mapumziko yake, na nenda salama yake, na ile wa, ile nimekuwacha ya bara, ambayo asubuhi sikio lilishtuka kuisikia lakini hofu ikalifunika mdomo, nimekuwacha! Hussam aseme nimekuwacha? mwana wa nyumba ile, siku ya kumtoa mkewe, jambo zito la kusimamisha mashahidi, aseme wacha kama kondakta? hata angekuwa homa imempanda kichwani angesema nimekuata, ndiyo nimekuacha ya Kimvita, kama bibi yake, kama walivyosema wao tangu kuumbwa, Hussam hasemi wacha isipokuwa anamfuatisha mtu, neno kwa neno, mwanafunzi mtiifu, chini ya taulo, na taulo lenyewe si la maji, la kuficha kisikilizio, amemficha mke wake pumzi... na kicheko kikaja, kikaja pamoja na machozi, akajiziba mdomo kwa ncha ya leso, mpumbavu, mimi au yeye, sote wawili, na lile neno lililozama likaelea lenyewe juu, usinicheke, ndilo alilotaka kusema pale mlangoni, n'na neno nataka kukwambia lakini usinicheke... kisha kicheko kikakatika. Kipe jina, Cheryl alisema, kimyakimya. Hussam alikipa jina gani? Presha? Kazi? Au lilikuwa jina lake yeye, Raihana, limesemwa moyoni ambako hakuna sikio linalofika? Baridi ikampanda mgongoni, akaisubiri imshinde kama ilivyomshinda mchana kutwa, haikumshinda, kwa sababu hilo ni swali, na swali huulizwa, mwenye kulijibu yuko hapo nje ya mlango mwenye miguu miwili na mdomo, amekuja mwenyewe kutafuta wa kuzungumza naye, na anayelaza swali tumboni ndiye linayemlalia. Pumzi ikashuka. Hakuiita, ikashuka yenyewe mpaka kitovuni, na Cheryl, masikini, bado anangoja, kipe jina, na Raihana akalipata jina papo hapo, Kimya, ndilo jina la huyu mgeni aliyekaa nao meza moja wiki zote hizi, Kimya, akamtazama, akamwambia kwa sauti, lakini si kwa wa ya Cheryl, ulimi ulijichagulia wenyewe njia ya nyumba aliyoolewa: "Nimekuata. Nimekuata. Nimekuata, nenda salama."

Nje ya mlango ndara zikasita. Halafu sauti ya Hussam, nyembamba, sauti ambayo hajaisikia tangu siku ya posa, "Raihana... wamwambia nani?" Akaingoja pumzi moja iingie mpaka mwisho na itoke mpaka mwisho, ili naye Hussam aionje hofu kidogo, pumzi moja tu, si zaidi. Kisha akachomoa nyaya masikioni.

"Abee," akasema.