Mama Mkwe wa Zahanati

Naapa kwa macho yangu yote mawili, haya ni kweli tupu, na mzee anayesimuliwa si mimi.

Mzee Jungarrayi, mchunga ng'ombe mstaafu, alishawahi kupigana na fahali, akatobolewa paja, akajishona mwenyewe kwa unywele wa mkia wa farasi. Ndivyo alivyosema. Ila sindano aliikimbia. Huku jangwani kwetu kila mtu, hata mgeni, hupewa jina la ukoo linaloamua yeye ni ndugu gani kwa nani. Muuguzi mpya wa kizungu alipofika kijijini, mzee akawahi kumpa jina lile la mama wakwe zake. Kwa Jungarrayi, kila mwenye jina hilo ni mama mkwe, na kwa mila mama mkwe hatazamwi wala hasogelewi. Basi zahanati ikawa mwiko kwake. Akajipongeza wiki nzima.

Hadi siku ya sindano ya mjukuu wake. Tarlina, miaka tisa, aliwahi kuugua homa iliyoanzia kooni ikamtia kovu kwenye vali ya moyo. Kila wiki ya nne lazima achomwe penisilini, la sivyo homa inarudi kuumalizia moyo. Mwaka jana alikosa mbili, akabebwa na ndege ya wagonjwa.

"Siingii," alisema Tarlina, kaing'ang'ania nguzo ya baraza. "Babu haingii, na mimi siingii."

"Mama mkwe wangu yumo humo, mjukuu wangu!"

"Basi ni mkwe wangu pia."

"Wewe mume unaye?"

Coral, dada wa mzee, alikuwa kwenye benchi akisubiri dawa zake za sukari. "Mkwe gani? Sisi wanawake tulimpa jina siku ile ile aliposhuka garini. Napaljarri. Huyo ni binti yako, we mwongo!"

Muuguzi akachungulia mlangoni. "Baba," alisema kwa adabu, "faili lako linasema chanjo ya mafua umeikwepa miaka sita. Kunja mkono wa shati."

Mzee akaitazama njia ya kutorokea. Kisha akamtazama Tarlina, anahema kwa kushika nguzo tu. Akaingia.

Alipiga yowe, mbwa wa kijiji kizima wakamjibu. Tarlina akaachia nguzo aje ashuhudie, akacheka hadi akashika mbavu, akapanda kitandani mwenyewe.

"Nishike mkono, Babu. Yangu ndiyo inayouma."

Machozi yalimtoka Tarlina, lakini yowe halikumtoka.

Coral akamtoza mzee faini ya uongo wake: kila wiki ya nne mzee ampeleke mtoto, na aandike yote bila chumvi.

Sasa Tarlina anasoma begani kwangu. "Babu, mbona unajiita 'mzee'? Na fahali je?"

Haya. Ni mimi. Fahali alikuwa ndama. Tena alikuwa amefungwa.