Mkia wa Hilux ya Cassamo

Mwaka ule wageni wa gesi walipomiminika, hakukuwa na gari kati ya Palma na Namoto lililosimama juu kama Hilux ya Cassamo. Mtu mfupi ilibidi asukumwe ndipo apande. Cassamo aliuza mashua yake ili alinunue, akaliongeza kimo kwa mikono yake mwenyewe lisije likakwama kwenye tope la masika, na aliyelisifia alijipatia rafiki papo hapo.

Shida ni kwamba lilitingisha mkia. Likifika mwendo wa sitini, mbele kulikuwa na adabu zake zote, lakini nyuma kulikwenda kunakotaka. Mkaguzi wa kampuni moja iliyokodi magari ya kupeleka watu kwenye kambi ya gesi kule Afungi alilijaribu mara moja tu, akashuka uso umempauka.

"Senhor Cassamo, nakupa mpaka Alhamisi. Likiyumba tena, usirudi hapa."

Mashua ilishakwenda. Kazi hii nayo ikimponyoka, Cassamo angebaki hana bahari wala nchi kavu.

Mafundi wawili walishabadilisha shokapu, bushi na tairi mbili, na mkia ukazidi kucheza. Jumatano asubuhi akalipeleka kwa Sabina, mwanamke wa Mtwara aliyevuka Rovuma na sanduku lake la spana akafungua kibanda nyuma ya soko. Tuseme ukweli, Cassamo hakuwa na imani naye. Alikwenda kwa sababu kwingine kote alishakumaliza.

Sabina hakugusa spana. Alivuta kigoda, akaketi.

"Lilianza lini kuyumba, kaka?"

"Mwezi wa sita."

"Na uliliinua lini?"

"Mwezi wa tatu, mvua zimepamba moto."

"Mvua zile zote lilikuwa limetulia?"

"Tuli! Hata chai usingemwaga."

"Na siku hizi, hakuna siku linatulia?"

Cassamo alifungua mdomo aseme hapana, kisha akakumbuka. "Nikilipitisha majini kule Namoto, siku ile na ya pili yake halina neno. Likikauka tu, linarudia ujinga wake."

Sabina akaguna kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi akajua kilichokosekana. Akaingia chini ya gari na chaki, akachora mstari mmoja ulioanzia kwenye springi ukashuka mpaka kwenye ekseli ya nyuma.

"Nenda mpaka pale kwenye mkorosho, funga breki kwa nguvu, urudi."

Cassamo akaenda, akarudi, akainama naye kutazama. Mstari ulikuwa umekatika. Kipande cha juu kilikuwa kimeachana na cha chini kwa upana wa kidole.

"Ekseli yako inatembea," Sabina akasema. Akagonga kwa spana kitu kilichokuwa kati ya springi na ekseli. "Na hiki ni nini?"

Hapo Cassamo akapata maneno. Ni mbambakofi! Kipande kimoja kila upande, amevichonga mwenyewe kwa tezo, na ndivyo vilivyoliinua gari nyuma. Kwao ni waunda mashua tangu babu na babu. Mti ule hauozi, na ukiubana ukapata maji, unafura na kukaza kuliko chuma.

"Kweli kabisa, na umechonga vizuri mno," Sabina akasema, wala hakuwa anamkejeli. "Lakini mashua inakaa majini, kaka. Gari linashinda juani. Mti umesinyaa, bolti zimelegea, ekseli imepata nafasi ya kucheza."

Cassamo akaupapasa mwanya wa mti kwa kidole. Mafundi wawili walikuwa wamehangaika na vyuma siku nne nzima, na huyu kwa maswali manne na kipande cha chaki ameufikia mti. Na yeye mwenyewe, aliyekulia katika vumbi la mbao, hakuuona. Alimstahi pale pale, kwa moyo wake wote.

"Basi nikaze bolti?"

"Utakaza leo, utakaza keshokutwa, na siku utakayosahau utaua watu. Vitoke. Gari lishuke."

Ilimuuma. Kimo kile ndicho kilichompa jina mjini. Alilizunguka gari mara mbili, akalipapasa bodi, mwishowe akasema, "Vitoe."

Alasiri Hilux ilikuwa imeshuka nyuma, na mbele imeteremshwa ilingane, imefungwa bolti fupi zilizotoka kwenye Hilux nyingine iliyokwisha kufa.

Alhamisi Sabina alifika naye kwa mkaguzi. Bila kuambiwa na mtu, akapanda nyuma, akakaa juu ya ekseli kabisa.

"Shuka, dada! Likiyumba je?"

"Likiyumba nitarushwa mimi. Endesha."

Cassamo akaendesha, mkaguzi ubavuni. Hamsini. Sitini. Sabini. Mkaguzi akasema, "Breki!" Cassamo akafunga, na gari likasimama limenyooka. Akatazama kwenye kioo: Sabina alikuwa anamenya chungwa.

Mkaguzi akatia sahihi, akampa mkono, akashuka. Cassamo hakufurahi kama alivyotarajia. Tangu mwezi wa sita alikuwa akibeba watu pale nyuma, kina mama na watoto wao migongoni, mkia ukienda huku na huku, na yeye hakuwahi kukaa pale hata siku moja. Aliona aibu.

Akashuka, akamkabidhi Sabina ufunguo.

"Lirudishe wewe, dada," akasema, akapanda nyuma.