Sauti Isiyo na Mfuko

Mwanvua aliifuta masini ya kushona kwa kitambaa chenye mafuta, akaisogeza mlangoni penye mwanga, na binti yake Sifa akaipiga picha. Kabla ya adhuhuri picha ilikuwa imeingia katika kundi la mnada, lile ambamo watu wa Kasongo na Kabambare huuziana vitu kwa simu. Anayetaka kitu hutaja bei, mwingine huongeza, na jua likizama, aliye juu ndiye mwenye kitu. Masini ilikuwa ya marehemu mume wake. Aliiuza kwa sababu nyasi za paa zilikuwa zimeoza na mvua ilikuwa njiani. Alitaka mabati.

Aliyeihitaji kweli alikuwa Darlène, fundi wa nguo wa Kabambare. Aliuliza kama sindano inapita katika kitambaa kizito, akaomba kuonyeshwa upande wa chini, akataja bei ya haki. Ndipo akaingia papa Zéphirin.

Papa Zéphirin alikaa mtaa wa pili. Alikuwa na koti na mkoba wa ngozi, na hakuna aliyejua anafanya kazi gani zaidi ya kupita mbele za watu. Kuandika kulimchosha, kwa hiyo alituma sauti. Ilikuwa sauti nene, ya mtu aliyeshiba.

"Naongeza," alisema.

Darlène akaongeza.

"Naongeza tena. Ile masini iko yangu. Mama, funga munada, nitatuma feza kesho asubui."

Wanakundi wakamtumia picha za makofi. Yeye aliyapenda yale makofi kuliko masini. Hata mwenye mbuzi mmoja kule Nyangwe, aliyeahidiwa vilevile, alikuwa akimngoja tangu kiangazi kilichopita, na mbuzi alikuwa amekwisha kuzaa.

Feza haikufika. Sifa alipopiga, simu iliita mfukoni mwa papa Zéphirin, naye akaiacha iite mpaka ichoke. Darlène akanunua masini nyingine kwa mtu mwingine, chakavu kidogo, kwa kuwa wateja wake hawangoji.

Mwanvua akamwambia Sifa afungue tena ule ujumbe, asikie vizuri jinsi mtu mzima alivyoahidi. Sauti ikatoka katika simu, ikasema maneno yake yote, na ilipomaliza haikurudi ndani. Iliingia katika mtungi wa maji, penye ubaridi, ikakaa humo.

Jioni ile papa Zéphirin alifungua kinywa kuagiza samaki wa kukaanga, ukatoka upepo mtupu. Muuzaji akamwonyesha mkubwa na mdogo. Akachagua mkubwa, kwa kidole.

Siku ya pili, habari ya mtungi ilipomfikia, alisimama uani kwa Mwanvua. Hakupiga hodi, maana hakuwa na cha kupigia. Aliandika katika simu yake, Sifa akamsomea mama: "Mama Sifa, naomba sauti yangu."

"Iko ndani ya mutungi," Mwanvua akasema. "Leta feza ya masini, ubebe sauti yako."

Papa Zéphirin akautazama mtungi. Akaifikiria feza. Akanyoosha koti lake, akaenda zake.

Sauti ilikuwa na tabia za mwenyewe. Jirani yao Yvette alipokuja kununua unga wa muhogo, ilisema kutoka mtungini, "Naongeza." Yvette aliitambua. "Basi uza kwake," akasema, akaenda kununua kwingine. Iliongeza bei ya kuku. Iliongeza bei ya mkeka ambao haukuwa unauzwa. Wazee wa kijana Ismaël walipokuja kumposa Sifa, wakakaa, wakakohoa, wakataja mahari, sauti iliongeza. Wazee wakatazamana. Walisema wanatoka nje kushauriana, na hawakurudi. Sifa aliziosha sahani za wageni zote, hata zile ambazo hazikuliwa, na hakusema na mtungi siku ile.

Papa Zéphirin, kwake, kunyamaza kulimfaa. Katika vikao alikaa bila neno, mkono kidevuni, na watu wakaona kwamba sasa amekomaa. Wanakundi walipotafuta mtu wa kuwaamua wanaotaja bei na kukimbia, hawakutafuta mbali. Kazi hiyo walimpa yeye.

Mwanvua alikwenda kushitaki kwake. Mvua zilikuwa zimeanza, naye alifika na kitenge kilicholowana tangu kitandani. Alieleza yote: masini, Darlène, ahadi, wazee wa posa. Papa Zéphirin alisikiliza mpaka mwisho, akitikisa kichwa kwa huzuni. Kisha aliandika: "Mama, watu kama hao wanatuharibia. Tutachunguza." Waliokuwepo walisema hawajaona mzee anayesikiliza vile.

Masini ikarudishwa mnadani. Wa kwanza kuandika bei alikuwa papa Zéphirin. Sifa alipoisoma, sauti ikatoka mtungini, ikaingia katika simu, ikaongeza. Papa Zéphirin akaongeza juu ya sauti yake. Sauti ikaongeza juu yake. Wengine walijitoa mapema, wakabaki kutazama. Jua lilipozama masini ilikuwa na bei ya nyumba ya matofali penye barabara kubwa, na makofi yalijaza kioo chote cha simu. Sauti ikarudi mtungini, imekauka kidogo.

"Nani amenunua?" Mwanvua aliuliza.

"Papa Zéphirin."

"Amemushinda nani?"

"Papa Zéphirin."

Mwanvua akaweka sufuria motoni. Alichota maji mtungini, na kabla ya kuyamimina akakitikisa kikombe kidogo, sauti isije ikaingia katika bugali.