Sauti ya Akiba

Mume wangu Ludovick ni baritoni. Nikiwaambia watu hivyo kanisani Lidcombe, hapa Australia, wengine hudhani ni ugonjwa. Ni sauti ya mwanamume iliyo katikati, si nyembamba, si nzito ya kutisha watoto, na kwenye opera, ile michezo inayoimbwa mwanzo hadi mwisho, mwenye sauti hiyo huigizishwa baba wa mtu au adui wa mtu. Kazi yenyewe ni kuimba bila maikrofoni, mbele ya okestra nzima, na aliyeketi kiti cha nyuma kabisa akusikie. Ludovick aliiweza. Mimi nimeolewa na sauti hiyo, najua inavyotingisha vikombe kabatini.

Asiyejua alikuwa baba yake.

Mzee Henry alifundisha kwaya ya parokia Bukoba maisha yake yote, tangu kanisa halijapata umeme. Rekodi tulizomtumia alizikataa. "Spika humpa kila mtu kifua," alisema. "Nitakuja nimsikie kwa masikio yangu." Na akaja kweli, Machi 2020, na koti lake la sufu, kwa sababu Ludovick alikuwa amepata nafasi kubwa kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo alikuwa anaimba kwenye kundi la nyuma, amevishwa kofia ya askari.

Onyesho la kwanza lilikuwa Jumanne. Jumamosi kulikuwa na mazoezi ya mwisho, na familia ziliruhusiwa kuingia. Sasa, waimbaji hawa wana desturi yao: onyesho likikaribia huimba nusu sauti tu, koo lisichoke. Wenzao wanajua, kondakta anajua. Ludovick alimwambia baba yake kwenye treni, "Ya leo ni ya kupimia, Baba. Jumanne ndiyo yenyewe." Baba akaitikia. Lakini mtu aliyevuka bahari kuja kusikia, atakachosikia ndicho atakachoamini. Nilikaa pembeni yake. Vyombo vilivuma, na mume wangu alikuwa anafungua mdomo tu, sauti inafika safu za mbele inakufa. Baba mkwe aliinama, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Nilitamani kusimama nimpigie Ludovick kelele.

"Vyombo vyao ni vingi mno," Baba alisema tukirudi.

Jumatatu kumbi zote zikafungwa kwa sababu ya korona.

"Mwimbie hapa sebuleni," nilimwambia Ludovick. "Leo leo." Akanitazama utadhani nimemwambia avue nguo barabarani. Eti sebuleni sauti inagonga ukuta, piano hakuna, na hii ni wiki mbili tu, ukumbi utafunguliwa na Baba atasikia kama inavyopaswa kusikika. Wasanii! Alhamisi ndege zikaanza kufutwa, na Goreth, dada yake Ludovick, akalia kwenye simu mpaka tukampandisha baba yao ndege ya kwanza iliyopatikana. Sebuleni hakukuimbwa hata mstari.

Wiki mbili zikawa mwaka na zaidi. Ludovick akaenda kupakia maboksi kwenye ghala Mount Druitt, baritoni wa watu anasukuma toroli la karatasi za chooni. Mazoezi aliyafanyia ndani ya gari, vioo vimepandishwa. Kilichomuumiza zaidi alikisikia kwa Goreth, aliyeropoka bila nia mbaya. Zamani Mzee Henry alikuwa haishi kumtaja mwanawe. Siku hizi, watu wa parokia wakimuuliza, hujibu, "Anaimba vizuri. Ila kule wanaimba taratibu," kisha hubadilisha mazungumzo.

Siku hiyo Ludovick hakula. "Nitakwenda mwenyewe," akasema. "Nitasimama kanisani kwake, bila hata kinanda." Mipaka ya Australia ilikuwa imefungwa, kutoka kwa kibali, kurudi kwa bahati.

Agosti 2021, tukiwa tumefungiwa tena ndani, Baba akalazwa. Kifua. Goreth akapiga simu ya video asubuhi yao, jioni yetu. Baba alikuwa ameegemezwa mito, mipira ya oksijeni puani. Goreth akasema Baba anataka Ludo amwimbie.

Safari hii Ludovick hakubishana. Alisogeza meza, akavaa shati safi, akasimama katikati ya sebule, mimi nimeshika simu. Aliimba wimbo wa Kilatini aliofundishwa na baba huyo huyo utotoni. Sauti yote. Vikombe vilitingishika kabatini, na machozi yalinitoka kabla hajafika ubeti wa pili.

"Mbona kimya?" Goreth akauliza. "Wifi, hatusikii. Inakuja kidogo, inakatika."

Simu zetu hizi zimetengenezwa kwa ajili ya maneno. Sauti ndefu na nene huiona kelele, huikata. Nilirudi nyuma mpaka jikoni, nikaingia hadi bafuni. Kadiri alivyozidisha ndivyo walivyosikia kidogo. Nikapiga ukelele, "Punguza! Imba nusu!" na hapo hapo nikatamani kuumeza ulimi wangu. Hakupunguza. Aliimba mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na kule kwenye kioo Baba akainua mkono, kama mwalimu wa kwaya anayenyamazisha waimbaji.

"Basi, mwanangu," alisema, pumzi fupi fupi. "Usijilazimishe. Hukupewa kifua, si kosa lako. Umejitahidi. Mimi nimekuridhia."

Utabishana vipi na mgonjwa? "Asante, Baba," Ludovick akasema. Nilikuwa na hasira za kuvunja vitu, na sikuwa na wa kumkasirikia.

Simu ilipokatwa tu, mlango ukagongwa. Gitau, Mkenya wa ghorofa ya juu, barakoa kidevuni.

"Sister, huyo ni Ludo? Manze, block yote iko kwa balcony. Yule mzee wa number three analia, I swear. Nilidhani mko na sound system."

Nikamvuta ndani, lockdown au si lockdown. "Mwambie Baba! Maneno hayo hayo, mwambie!" Nikapiga. Ikaita, ikakata. Nikapiga tena, na tena. Mwishowe Goreth akapokea akinong'ona kwamba Baba amesinzia, daktari amekataza asiamshwe.

Hakuamka.

Mazishi tuliyatazama kwenye simu ile ile. Kwaya yake ilimwimbia, nayo ikawa inakatika. Baadaye Goreth akanipigia, amechoka, sauti imemkauka.

"Wifi, siku ile ulipiga mara nyingi. Ulitaka kumwambia nini Baba?"

Ludovick alikuwa mezani, ananiangalia.

"Nilitaka kumsalimia tu," nikasema.