Ushanga wa Maharagwe

Maharagwe ya Mama yalipikwa kwenye matanga ya Mama.

Nilikuwa nimekaa sebuleni kwangu Molenbeek, huku Ubelgiji, juu ya godoro ambalo wanawake walilitandika sakafuni, na harufu ikanifikia kabla sijaelewa. Kitunguu, mawese, halafu ile harufu nyingine, kama udongo uliopigwa na jua, ambayo maharagwe ya dukani hayana. Précieuse, binti wa mdogo wake Mama, akaja na sahani.

"Maman Rolande, kula kidogo. Toka jana haukule kintu."

"Hii maharagwe umetosha wapi?"

"Mu kopo ya maziwa, ile ya juu ya frigo. Batu beko bengi, muchele ilishaisha. Donc nikasema, bon, Maman iko na maharagwe."

"Yote?"

"Ilikuwa kidogo tu, Maman."

Nikapokea sahani. Nikala mpaka nikaifuta kwa kidole. Yalikuwa matamu. Papa Sylvestre, mwenye kuongoza sala, aliniona nakula akadhani nimepata nguvu, basi akaanza na mimi.

"Mama yako alikuwa mukristu wa kweli. Na weye, Rolande, utarudia Mungu lini? Ama utaendelea tu kuabudu ma-carottes ya bustani yako?"

"Na poireaux, Papa Sylvestre. Usisahau poireaux."

Watu wakacheka, hata wale waliokuwa wanalia. Mimi sikulia wala sikucheka. Nilikuwa nafikiria kopo.

Habari za kifo zilikuja kwa simu, mwezi wa Desemba. Vita viliingia Bukavu Oktoba ile ya tisini na sita, Mama akatoka kwa miguu pamoja na majirani, wakapanda milima. Akachoka. Wakamzika pale alipokaa kupumzika, na aliyenipigia simu hakuweza kuniambia ni mlima gani. Alisema, "Kulikuwa mvua, Maman. Milima yote ilifanana." Nikamshukuru. Nikakata simu, nikaenda kuosha vyombo.

Kwa hiyo kaburi hapana. Nguo yake hapana. Nyumba, sijui. Kilichokuwa kimebaki cha Mama katika dunia hii ni maharagwe yale: meupe kama maziwa yaliyochacha, yenye madoa mekundu ubavuni, hakuna punje mbili zilizofanana. Aliyapata kwa mama yake. Alinitumia ndani ya soksi, mkononi mwa msafiri, na kila mwaka niliyapanda katika kibustani nilichopangishwa na komini, serikali ya mtaa, kule Woluwe-Saint-Lambert, nikila machache, nikiweka punje bora ndani ya kopo kwa ajili ya mwaka unaofuata. Kopo ndilo lililopikwa.

Sasa niseme jambo la pili, maana Papa Sylvestre ameshalitaja. Mimi ni mpagani. Nalitamka wazi, kwa sauti, hata ndani ya tramu.

Nkambo yangu, mama wa mama, alikuwa na kibanda cha nyasi nyuma ya nyumba, kidogo kama tundu la kuku. Humo aliwawekea wafu wake chakula, akawaongelesha kama watu waliotoka kidogo tu. Padiri akaja na katekista wake. Mbelgiji, mwenye ndevu. Akakipindua kile kibanda kwa kiatu, katekista akawasha moto, na padiri akatusomea sisi watoto somo kuhusu wapagani huku nyasi zinaungua. Nkambo alipokufa alizikwa nje ya uzio wa misheni, kando ya barabara, kwa sababu ya neno hilohilo. Nilikuwa mdogo. Hata hivyo kiatu nakikumbuka: cha kahawia, chenye kamba zilizofungwa mara mbili. Waliotaka tusahau wangepaswa kuvaa viatu vya kawaida.

Nilipofika Ubelgiji niliacha kanisa lao kama mtu anavyoshuka kwenye basi. Wenzangu wakauliza, sasa unaamini nini? Maneno ya Nkambo yaliungua na kibanda. Nilikumbuka tu alivyopanda: alipuliza kwanza ndani ya shimo, kisha akaweka mbegu, kisha akataja jina la mtu. Basi nikaanza hapo. Kupuliza, mbegu, jina. Siku jua linapogeuka, Juni na Desemba, nawasha mshumaa nilioumimina mwenyewe. Nasuka vikapu, nafunga mifagio, nakausha majani ya dawa. Jumatatu narudi kusafisha ofisi zao za Schuman, mtaa wa wakubwa wa Ulaya, kama kila mtu.

Kibustani kilichopakana na changu kilikuwa cha Lucienne, mwalimu wa kuchora aliyestaafu, mwenye nywele nyeupe zilizosukwa mkia mmoja. Siku ya kwanza kabisa alinipa boga juu ya uzio akasema kwa Kifaransa, huku anacheka, "Usishangae nikiongea na mimea. Mimi ni mpagani."

Nilisimama na lile boga mkononi. Mbelgiji. Ananiambia neno lile kama mtu anayeonyesha kofia mpya. Nikamwambia papo hapo kuhusu kiatu cha kahawia. Nikamwambia kwamba babu zake walichanga sarafu kanisani ili kukinunua. Hakukasirika. Alisema, "Inawezekana," akaingia kibandani kwake akatoka na kahawa.

Tukawa hivyo kwa miaka. Alinifundisha kusuka fito za mti wa mtoni, nikamfundisha kufunga nguzo za maharagwe yanayopanda. Alipanda kwa kufuata mwezi, lakini maharagwe hakuyagusa mpaka katikati ya Mei, zipite sikukuu za wale wanaowaita hapa watakatifu wa barafu, watatu.

"Mpagani gani huyu anayewaogopa watakatifu?" nilimwuliza.

"Watakatifu siwaogopi. Naogopa barafu yao."

Halafu nikafanya kosa la kumpa maharagwe ya Mama, konzi moja, apande. Septemba yake alikuja ameyavaa shingoni. Ameyatoboa kwa keekee nyembamba, punje moja moja, akayatunga kwenye uzi mwekundu. Ushanga.

"Ni mazuri mno kuliwa," alisema.

Watu wa bustani wote walisikia nilichojibu. Nilisema mmechukua mpira, mmechukua shaba, mmechukua mikono ya watu, sasa mnavaa chakula cha mama yangu. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika, si kwa aibu, ila ni marefu. Tangu siku hiyo hatukusalimiana. Mwaka ukapita na zaidi. Uzio ukaota majani, tukashukuru sote wawili.

Sasa matanga yamekwisha, watu wamekwenda, na mimi niko ghorofani Schuman namwaga kapu la karatasi za watu, nikauona ule ushanga. Akilini, namaanisha. Uzi mwekundu, na punje za Mama zimepangana kama watu kwenye foleni.

Nikasimama. Nikamaliza ofisi ile, nikafanya na ya pili. Maisha yangu yote nimewaambia Wabelgiji warudishe. Nimesema mitaani, nimesema kwenye mgomo, nimeandika kwenye vikaratasi nikavigawa milangoni pa metro. Kuwaomba, hilo sijawahi. Ni kitenzi kingine kabisa.

Januari nikaenda. Lucienne alikuwa kibandani kwake, fito zimelowa ndani ya beseni, kikapu nusu mapajani. Alinitazama, hakusimama.

"Umepotea njia?"

"Mama yangu amekufa."

Mikono yake ikatulia. "Lini?"

"Huko milimani. Novemba, wanafikiri. Lucienne, ule ushanga uko wapi?"

Aliukunja ufito mmoja mpaka ukalia.

"Sina."

"Umeutupa?"

"Nimeutoa. Mwanzo wa Novemba, siku yetu ya wafu. Kila jioni televisheni ilikuwa inaonyesha watu wa kwenu wanatembea kwenye matope. Nilitaka kuja kwako, nikaogopa mdomo wako. Nikaenda msituni, Soignes, nikaufunga mtini. Kwa ajili ya wasio na kaburi." Akaweka kikapu chini. "Sikujua kama mama yako ni mmoja wao."

Ningepaswa kuhisi kitu hapo. Nilingoja. Nilisikia maji yanadondoka kutoka kwenye fito.

"Twende tukautoe," nikasema.

"Rolande. Walichopewa wafu hakichukuliwi. Wewe unajua hilo kuliko mimi."

"Wafu gani? Maiti ni yangu."

"Hata hivyo."

"Sikiliza. Mbegu ya kopo imepikwa, imeliwa, nami nimekula. Huko mtini ndiko kumebaki. Mama yangu akijua mbegu imening'inizwa inanyeshewa, atatoka huko mlimani kwa miguu aje kunichapa. Na wewe atakuchapa."

Lucienne akacheka, akaziba mdomo. "Naye alikuwa mpagani?"

"Mkatoliki wa kufa na rozari. Lakini mbegu ni mbegu."

"Mimi sitaugusa."

"Nionyeshe tu mti."

"Mwaka mzima hukunisalimu," alisema polepole. "Mbele ya watu wote ulinivua nguo. Na sasa unaingia hapa kama polisi: nionyeshe. Hujui kusema vingine?"

Nilijua alichokuwa anakingoja. Nikamtazama yule mwanamke mzee na mkia wake mweupe, nikatafuta hasira yangu pale inapokaa siku zote. Ilikuwepo. Ila ilikuwa kama mguu uliokufa ganzi: unauona ni wako, unaugonga, hausemi kitu.

"Naomba," nikasema.

Akavaa koti.

Tulipanda tramu ya arobaini na nne. Msitu ulikuwa mtupu, majani ya rangi ya shaba chini, miti mirefu ya gome laini la kijivu, yote sawa. Niliwaza: kumbe na huku inafanana. Lakini Lucienne alikwenda moja kwa moja, akasimama, akainua kidole.

Uzi ulikuwa umezungushwa kwenye tawi la chini. Wanyama walikuwa wameshakula karamu yao. Punje nyingi hazikuwepo, nyingine zilivimba kwa mvua, zikapasuliwa na baridi, zikawa nyeusi. Pale tu tawi linapoungana na shina, palipokingwa na mvua, palibaki chache, ngumu, na madoa yao.

Nikatoa kisu cha kupogolea. Lucienne akageuka pembeni.

"Waambie kitu kwanza," alisema.

"Niwaambie nini? Maneno yalichomwa."

"Basi sema ya kawaida."

Nikasimama mbele ya mti kama mtu aliyeitwa ofisini. "Mama," nikasema, kwa Kiswahili cha kwetu, "ni mie. Niko nakamata mbegu. Batu balipika ile ingine. Haikuwa mubaya, ilikuwa muzuri sana. Nitarudisha." Nikakata.

Nikazitoa punje, nikazifunga ndani ya leso. Uzi ukabaki mkononi. Nilitaka kuutupa, Lucienne akanyoosha mkono, akaupokea, akaufunga tena palepale kwenye tawi, mtupu.

"Huu ni wangu," akasema.

Mei nilitaka kupanda siku za mwanzo, jua lilikuwa kali. Lucienne akapiga kelele juu ya uzio. "Wangoje watakatifu!" Nikawangoja. Walipopita nikachimba, nikapuliza, nikaweka, nikataja jina la Mama. Punje mbili zilinivunjikia kidoleni, ndani ni unga.

Jumamosi ya wiki hiyohiyo, Kinshasa ikaangukia mikononi mwa waasi. Utawala niliokuwa nimeupigia kelele tangu ujana, kwenye baridi, kwenye vikaratasi, ukatoweka kwa siku moja, na mtu wa kwetu wa kwanza aliyenikuta nje alinikumbatia akalia begani kwangu. Magari yanapiga honi hadi Woluwe. Mimi nilikuwa nimechuchumaa mbele ya udongo usio na kitu, na kopo la maji. Nilijiambia: furahi, Rolande. Nikamwagilia.

Wiki iliyofuata Précieuse akaja bustanini, kwa mara yake ya kwanza, na viatu vya kanisani. Alikuwa amebeba mfuko wa maharagwe mekundu ya dukani.

"Maman, balinielezea. Ile ilikuwa mbegu. Haya mie niliona kopo tu, nikapika. Unisamehe."

"Ulipika vizuri."

"Usiseme hivyo, Maman, unaniogopesha. Nitukane kidogo."

"Nitakutukana kesho. Kuja uone."

Ilikuwa imetoka. Michache, shingo zimepinda, inajivuta. Mmoja ulikuwa umeshanyooka na kufungua majani yake mawili ya kwanza. Précieuse akainama, akashika magoti.

"Na hii matundu?"

Kwenye kila jani, karibu na katikati, kulikuwa na tundu la mviringo, safi, pande zote mbili sawasawa. Keekee ilikuwa imepita ndani ya punje, jani likiwa bado limekunjwa humo.

"Ni badudu?" akauliza.

"Hapana. Ni Mubeleji."

Lucienne akainua kichwa upande wa pili wa uzio. Alikuwa amesikia neno hilo moja. "Anasema nini?"

"Anauliza ni wadudu gani."

"Mwambie jani la tatu litatoka zima."

"Unajuaje?"

"Sijui," alisema.

Nilichukua fito, nikachomeka moja kando ya kila mche, mbali kidogo na mizizi. Précieuse alivua viatu vyake vya kanisani akavipanga juu ya nyasi, akaanza kunisogezea nyingine.